Neno la Kina Mama

Sisi waalimu twapenda kumpa mama shauri jema juu ya malezi ya mtoto wake. Lakini ni mara chache tumwulizapo alijualo yeye. Basi na tukumbuke habari za Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliyekwenda Gold Coast, yaani Ghana ya leo, mwaka 1929. Huko aliona watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi wakivimba miguu, ngozi ikiwabambuka, na wengi wakafa. Madaktari wengine walishikilia kwamba ni pelagra. Yeye aliwauliza kina mama, nao wakamtajia neno la lugha ya Ga, isemwayo Accra: kwashiorkor, ndiyo kwashiakoo yetu, maana yake ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa ajili ya mdogo wake. Mwaka 1935 alilitangaza jina hilo katika jarida la Lancet. Neno lenyewe lilionyesha njia.

Nasi tumsikiapo mama wa pwani akisema mtoto amebemendwa, tusicheke. Tumwulize kwanza: mimba nyingine imeingia lini, na mtoto ala nini? Kisha ndipo tumpe shauri.