Kugawa na Kuumbiza Diski: Historia ya Vitendo Viwili na Majina Yake

Miongoni mwa istilahi za kompyuta ambazo bado hazijatulia katika Kiswahili, zipo mbili ambazo kutotulia kwake huwagharimu watu mali. Ya kwanza ni ile ya kugawa diski; ya pili ni ile ya kuiumbiza, ambayo mafundi huiita kufomati. Mtu huchomeka diski ya nje kwenye kompyuta, diski yenye hesabu za chama cha ushirika za miaka kumi au picha za arusi ya bintiye. Badala ya diski kufunguka, kompyuta humwarifu kwamba yapasa kuumbizwa kabla haijatumika. Naye, kwa kuwa neno lenyewe lina harufu ya kuumba na kutengeneza, hukubali. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi vitendo hivyo vilivyozaliwa, kwa maana anayekipa kitu jina bila kujua kilikotoka huwa anabahatisha.

Diski ya kwanza kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, kutokana na kazi ya wahandisi wake wa San Jose, California. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, na pamoja na ukubwa wake wote huo ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Kugawa hakukuwa na maana bado, lakini haja ya kuchora ilikuwapo. Sahani ya sumaku isiyochorwa ni uwanja usio na mistari. Ni lazima kwanza itiwe njia za duara, na kila njia ikatwe vipande viitwavyo sekta, kila sekta na namba yake, ili kichwa cha kusomea kipajue mahali kilipo. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya kuumbiza. Katika diski za mwanzo za kompyuta ndogo, kama ile ST-506 ya kampuni ya Seagate ya mwaka 1980 iliyobeba megabaiti 5, mwenye mashine aliweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Siku hizi huisha kiwandani, wala mtumiaji wa kawaida hana zana ya kuirudia.

Maana ya pili ilikuja na mifumo ya faili. Mwaka 1977 Marc McDonald wa kampuni ya Microsoft alibuni jedwali la mgao wa faili, ambalo baadaye lilikuwa msingi wa MS-DOS. Jedwali hilo ni kama daftari la karani wa ghala: halibebi bidhaa, bali hueleza kila bidhaa iko rafu gani na rafu zipi ziko tupu. Kuumbiza kwa maana hii ya pili ni kuliweka kando daftari la zamani na kufungua jipya lisiloandikwa kitu. Bidhaa hazijaondolewa; ni karani tu asiyejua tena zilipo, na kwa hiyo ataweka mzigo mpya juu ya wa zamani wakati wowote. Hapo ndipo penye tumaini lote la kuokoa faili, na hapo ndipo penye hatari.

Ipo na maana ya tatu. Katika Windows za zamani, kuumbiza kikamilifu kulikuwa ni kufungua daftari jipya na kukagua sekta zipi zimeharibika. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kitendo hicho hicho, kwa jina lile lile, huandika sifuri katika kila sekta. Ghala huteketezwa. Aliyezoea maana ya zamani na kutumaini kwamba faili zake zaweza kufufuliwa atapata diski nyeupe. Mabadiliko haya ya maana bila mabadiliko ya jina yangepasa kutushughulisha sisi wenye kazi ya istilahi kuliko wahandisi.

Sasa tuje kwenye kugawa. Kompyuta ya kwanza binafsi ya IBM, ya mwaka 1981, haikuwa na diski ya ndani isipokuwa visahani laini. Mwaka 1983 ilitoka XT yenye diski ya megabaiti 10, na pamoja nayo toleo la pili la DOS lenye programu iitwayo FDISK. Megabaiti 10 zilionekana nyingi kiasi kwamba mtu angetaka kuweka mifumo endeshi zaidi ya mmoja, kila mmoja na eneo lake. Basi katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512, zikatengwa baiti 446 kwa programu ya kuwashia, baiti 2 za mwisho kwa alama ya uhalali, na baiti 64 za katikati kwa jedwali. Jedwali lina mistari minne, kila mmoja baiti 16, na kila mstari husema: eneo hili laanzia sekta fulani, lina sekta kadhaa, na ni la aina fulani. Basi! Hakuna ukuta wowote katika sahani. Mgawanyo mzima wa diski ni maneno ya baiti 64.

Yafuatayo ni historia ya kubanwa. Kwa kuwa DOS ilihesabu sekta kwa namba ya biti 16, eneo halikuweza kupita sekta 65,536, yaani megabaiti 32. Ndipo mwaka 1987 toleo la 3.3 likaruhusu mmoja wa mistari minne uwe chombo cha maeneo mengine ndani yake. Jedwali lenyewe hutumia namba za biti 32, na sekta zikiwa za baiti 512 haliwezi kueleza zaidi ya baiti 2,199,023,255,552, kiasi ambacho diski za nje za dukani zimekwisha kukipita. Dawa yake ilikuwa jedwali jipya lililotokana na kazi ya kampuni ya Intel, lijulikanalo kwa herufi GPT. Kwa kawaida lina nafasi 128, na nakala yake huwekwa mwishoni mwa diski. Ile sekta ya kwanza ya zamani imebakizwa, ikiwa na mstari mmoja wa kuziambia kompyuta zisizolijua jedwali jipya kwamba diski yote ina mwenyewe.

Kwa diski za nje kuna kisa kimoja kinachostahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu kinaonyesha jinsi hitilafu iwezavyo kuwa ya kimaandishi tu. Ili diski kubwa zisomwe na Windows XP, watengenezaji wengine waliweka ndani ya kasha saketi ya kutafsiri, inayoiambia kompyuta kwamba sekta ni za baiti 4,096 badala ya 512. Jedwali la zamani likapata mara nane ya uwezo wake. Kisha kasha huharibika, fundi akaitoa diski na kuiunga moja kwa moja. Mstari wa jedwali unasema eneo laanzia sekta ya 256. Kwa hesabu ya kasha, hiyo ni baiti ya 1,048,576. Kwa hesabu ya diski yenyewe, ni baiti ya 131,072. Kompyuta huenda mahali pasipo daftari, haikuti kitu, na kutoa lile tangazo lake la kuumbiza. Diski ni nzima, faili ni nzima, jedwali halina kosa. Vipimo tu ndivyo vilivyogeuka. Ponyo lake ni kuirudisha katika kasha la aina ile ile, au kuzidisha namba za jedwali kwa nane kama diski haipiti ule mpaka tulioutaja. Ikipita, hapana budi maeneo yaandikwe upya katika jedwali la GPT.

Tangazo hilo hilo hutokea kwa sababu nyingine nyingi, na nyingi hazina uhusiano na uharibifu. Diski iliyoandikwa kwa mfumo wa faili wa Macintosh au wa Linux huonekana ngeni kwa Windows. Tundu la USB 2.0 halikusudiwi kutoa zaidi ya miliampea 500, na diski isiyoshiba umeme hujitokeza nusunusu. Aliyeichomoa diski bila kuiaga kompyuta huenda ameacha daftari limeandikwa nusu ukurasa. Kwa hiyo utaratibu wa fundi mwangalifu ni huu: asiandike chochote katika diski hiyo, abadili waya na tundu, aijaribu katika mfumo mwingine, kisha anakili sekta zote kwenye diski nyingine, na juu ya nakala hiyo atumie programu kama TestDisk ya Christophe Grenier, ambayo hupekua diski ikitafuta mianzo ya maeneo na kuliandika upya jedwali. Faili zikishapatikana na kuwekwa pengine, hapo ndipo diski igawanywe na kuumbizwa. Kwa diski itakayozunguka baina ya Windows na Macintosh, exFAT ya mwaka 2006 yafaa kuliko FAT32, isiyokubali faili moja kufikia gigabaiti 4.

Turudi kwenye majina. Wako wafasiri watumiao *kizigeu* kwa eneo la diski. Neno ni la Kiswahili safi, lakini kizigeu ni kile kitengacho, kama mkeka au pazia lililogawa chumba. Nacho ndicho kitu ambacho diski haina. Kilichopo ni sehemu iliyopimwa na kupewa mwenyewe, na kwa hiyo napendelea *fungu*, ambalo kila aendaye sokoni analijua, na *jedwali la mafungu* kwa zile baiti 64 na kwa mrithi wake. Kuhusu *kuumbiza*, sioni kwamba lafaa kufutwa, kwa kuwa limeingia katika programu zilizotafsiriwa. Lakini libaki kwa maana ya kwanza tu, ile ya kiwandani. Kwa maana ya pili tuseme *kufungua saraka upya*, na kwa ya tatu *kufuta diski yote*. Atakayesema kwamba maneno matatu ni mengi kwa kitufe kimoja na azingatie kwamba kitufe hicho hufanya mambo matatu.

Tangazo lenyewe lingeweza basi kusomeka hivi: «Kompyuta hii haikuweza kusoma saraka ya diski. Huenda faili zako zimo bado. Ukifungua saraka upya, faili zilizomo hazitaonekana tena na zaweza kupotea. Je, ufungue?» Ni refu kuliko la sasa kwa maneno machache, nalo laenea vizuri katika kisanduku.