Figo: Chujio la mwili linaloumia kimyakimya

MWILI wa binadamu umeundwa kwa mifumo mbalimbali, na kila mfumo una viungo vyenye kazi maalumu. Moyo na mishipa husambaza damu, mapafu huingiza oksijeni, tumbo na utumbo husaga chakula. Katika shughuli hizo mwili huzalisha taka, na nyingi kati ya zile zinazoyeyuka katika damu hutolewa na mfumo wa mkojo.

Mfumo huo una figo mbili, mirija miwili inayoteremsha mkojo, kibofu na njia ya kutolea mkojo. Figo zipo nyuma ya tumbo, kila upande wa uti wa mgongo, na kila moja ina umbo la haragwe na ukubwa unaokaribia ngumi. Ya kulia hukaa chini kidogo kwa sababu juu yake kuna ini.

Zinavyofanya kazi

Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni 1, viitwavyo nefroni. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu, ilhali damu yote mwilini ni kama lita 5 tu. Hivyo damu ileile huchujwa mara nyingi. Takriban asilimia 99 ya majimaji hayo hurudishwa mwilini pamoja na sukari na chumvi zinazohitajika. Kinachosalia, kiasi cha lita 1 hadi 2, ndicho mkojo.

Aidha, figo husaidia kudhibiti shinikizo la damu, hutoa homoni inayouamsha uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu, na huikamilisha vitamini D ili mifupa iwe imara. Ndiyo maana mgonjwa wa figo hupungukiwa damu.

Hatari iliyojificha

Nefroni zinapokufa, zilizosalia hubeba mzigo wake. Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo bila kuhisi lolote. Kuvimba miguu, uchovu na kichefuchefu huja wakati madhara yamekwisha kuwa makubwa. Maumivu ya kiuno, ambayo wengi huyahusisha na figo, mara nyingi hutokana na misuli au mifupa.

Visababishi vikuu ni kisukari na shinikizo la juu la damu, ambavyo huharibu mishipa midogo ya figo. Matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki, bila ushauri wa daktari, nayo huchangia.

Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, au hupandikizwa figo ya mtu mwingine. Nchini Tanzania, upandikizaji wa kwanza ulifanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili Novemba 2017. Awali wagonjwa walipelekwa nje, hususan India.

Vipimo vya kugundua tatizo mapema ni vya kawaida: shinikizo la damu, sukari, protini katika mkojo na kreatinini katika damu. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anashauriwa kuvifanya walau mara moja kwa mwaka, hata kama anajiona mzima.