Sentensi ya Cecilia Payne

Mwaka 1925 Cecilia Payne aliandika kwenye tasnifu yake kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni haidrojeni, kisha akaongeza kuwa matokeo hayo yaelekea si ya kweli. Henry Norris Russell, bingwa wa fani, alikuwa amemwambia haiwezekani. Mwaka 1929 Russell mwenyewe akakubali.

Nilimkumbuka juzi usiku, mbele ya spektra ya nyota ya buluu iliyo katika Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani, miaka ya nuru kama 200,000 kutoka hapa. Mistari ya silikoni ilikuwa hafifu. Lakini hafifu si lazima iwe kidogo: Meghnad Saha wa India alishaonyesha, mwaka 1920, jinsi joto linavyozinyang'anya atomi elektroni zake. Kwa hiyo unaanza na joto, ukilinganisha silikoni iliyopoteza elektroni mbili na iliyopoteza tatu. Nilipima mara tatu (sijiamini hivyo). Silikoni ikatoka kama moja ya tano ya ile ya Jua, kama ilivyo kawaida kule. Naitrojeni ndiyo iliyozidi, tena sana.

Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika, "huenda ni kosa la kipimo." Nimeifuta. Msimamizi wangu anaisoma kesho.