Kampanye inaanza kwenye daftari



Kila kampanye ikifika tunaona mambo yale yale: magari yenye vipaza sauti, tisheti, kofia, vitenge vyenye picha ya mgombea, na ahadi ya barabara. Siku 30, kisha kimya. Sheria yetu inasema hivyo: kampanye ya rais na ya depite wa taifa inachukua siku 30, na inafungwa saa 24 mbele ya kura. Lakini sisi tunaotembea vijijini na watu waliorudi kutoka Tanzania tumefuata historia ya chaguzi nne za inchi yetu, 2006, 2011, 2018 na 2023, na tumefikia wazo moja. Kwa mtu aliyerudi, kampanye ya kweli haianzi na muziki. Inaanza kwenye daftari la wapiga kura, miezi mingi kabla ya tisheti ya kwanza. Asiyekuwa ndani ya daftari, mgombea hana sababu ya kumtafuta.

Tuanze na 2006. Uandikishaji ulianza Kinshasa mwezi wa 6 mwaka 2005, ukatembea jimbo kwa jimbo, na watu zaidi ya milioni 25 wakaandikwa. Tarehe 18 na 19 Desemba 2005 raia wakapiga kura ya katiba mpya. Sasa tuangalie ziwa letu. Safari za HCR za kurudisha wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Baraka zilianza mwezi wa 10 mwaka 2005. Maana yake ni nini? Sheria ilitaka mpiga kura awe na karte, na karte ilitolewa wakati wa kuandikishwa. Mtu aliyevuka ziwa mwaka 2006, na mifuko yake na watoto wake, alikuta vituo vimekwisha kufungwa. Alirudi kwao, lakini tarehe 30 Julai alibaki kuangalia wengine wakienda kwenye biro ya kura. Na wale waliobaki Nyarugusu na Lugufu hawakuwa na daftari lolote la kuwapokea, juu kura haikupigwa inje ya inchi.

Siku ile wagombea urais walikuwa 33. Joseph Kabila akapata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba 20.03, Antoine Gizenga 13.06. Duru ya pili, tarehe 29 Oktoba, Kabila akashinda kwa 58.05 juu ya 41.95. Kivu Kusini ilimpa zaidi ya kura tisa kwa kumi, na Kinshasa, Equateur, Bas-Congo na Kasai zote mbili zikaenda kwa Bemba. Wengi walisema ni mambo ya lugha tu, Kiswahili na Lingala. Kuna ukweli kidogo, lakini haitoshi. Huku mashariki vita vya 1998 vilipita juu ya vichwa vyetu, na Kabila alifanya kampanye kama mtu aliyeleta amani. Mwenye kulala porini miaka mitano anasikia neno "amani" kwa sikio lingine. Kampanye inashika pale ambapo kidonda kiko.

Lakini fundisho kubwa la 2006 halikutoka Kivu, lilitoka upande wa Étienne Tshisekedi. Mwaka 2005 yeye na chama chake UDPS waliambia watu wao wasusie uandikishaji. Mwanzo wa 2006 akasema yuko tayari kushiriki, ila vituo vifunguliwe tena. Tume ya uchaguzi, chini ya Abbé Apollinaire Malu Malu, haikukubali. Kiongozi aliyejulikana inchi nzima akakosa uchaguzi wa kwanza wa namna ile tangu miaka 40, si juu alishindwa kwenye kura, ila juu ya daftari.

Na hapa kuna kitu ambacho memba wengi bado hawajasikia. Viti 500 vya bunge la taifa havigawanywi kufuata hesabu ya wakaaji. Vinagawanywa kufuata hesabu ya walioandikwa. Jumla ya walioandikwa inchi nzima inagawanywa kwa 500, na kila teritware inapata viti kulingana na watu wake walio ndani ya daftari. Mwaka 2006 Kivu Kusini nzima ilipata viti 32. Kwa hiyo mtu asiyeandikwa hapotezi kura yake peke yake, anapunguza uzito wa teritware yake yote. Kijiji kilichojaa watu waliorudi bila karte, kwa macho ya Kinshasa, ni kijiji kidogo.

Mwaka 2011 uandikishaji ulifanyika kati ya mwezi wa 3 na wa 7, na watu kama milioni 32 wakaandikwa. Kambi ya Lugufu ilikuwa imefungwa tangu 2009, na wengi wetu tulikuwa tumekwisha kurudi. Lakini mwezi wa kwanza wa mwaka ule katiba ilibadilishwa: urais ukawa wa duru moja. Tarehe 28 Novemba Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, Étienne Tshisekedi 32.33, Vital Kamerhe 7.74. Kwa sheria ya 2006 ingekuwa lazima turudi kwenye kura, juu hakuna aliyevuka nusu. Waangalizi wa Carter Center walisema matokeo yale hayakuwa ya kuaminika. Sisi tunabaki na jambo moja: sheria ya mchezo ilibadilishwa miezi kumi mbele ya mchezo, wakati watu wengi hawakuwa wanaangalia. Wanaofuata kampanye siku 30 tu hawaoni mambo ya namna hii.

Mwaka 2018 mabishano yote yalikuwa juu ya mashine ya kupigia kura. Kura ikapigwa tarehe 30 Desemba. Lakini Beni na Butembo katika Kivu Kaskazini, na Yumbi kule Mai-Ndombe, waliambiwa wangoje mpaka mwezi wa 3 mwaka 2019. Kwa Beni na Butembo sababu iliyotolewa ilikuwa Ebola na usalama mbaya. Wapiga kura zaidi ya milioni moja. Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, kwa hiyo walipofika kwenye biro ya kura rais alikuwa tayari kiti kimempokea. Vijana wa Beni hawakukaa kimya: siku ile ya 30 Desemba walipanga mistari, wakafanya kura yao wenyewe ya mfano. Walitaka ionekane kwamba wapo. Walikuwa na karte mfukoni, na ata hivyo hawakuhesabiwa.

Mwaka 2023 ikarudia. Kura ya tarehe 20 Desemba haikufika Masisi na Rutshuru juu ya vita, wala Kwamouth. Kampanye ilikuwa ya vita: nani anaweza kusimama mbele ya Rwanda, nani ni "mgombea wa wageni". Félix Tshisekedi akapata zaidi ya asilimia 73. Kwa mara ya kwanza Wakongomani walio inje walipiga kura, lakini katika inchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Tanzania haikuwemo, Burundi haikuwemo, Uganda haikuwemo. Njo kusema, Mkongomani wa Bruxelles alihesabiwa, na ndugu yake wa Nyarugusu hapana. Na wale waliohama kutoka Masisi na Rutshuru, vita ilikuwa kila siku ndani ya hotuba, lakini wao hawakuwa na biro ya kura kwao.

Tukiweka chaguzi nne pamoja, tunaona kamba moja. Kila mara kuna sehemu ya watu inayobaki inje ya hesabu, na karibu kila mara ni watu waliohamishwa au waliorudi. Si ajabu basi kwamba matatizo yetu hayaingii katika hotuba. Katika mikutano ya kampanye tuliyofuata, tulisikia barabara, umeme, amani. Shamba la mtu aliyekaa kambini miaka kumi, akirudi akute jirani analima, hatukulisikia. Mgombea anahesabu karte kwanza, kisha anachagua maneno.

Na karte yenyewe si ya kura tu. Kwa sababu inchi yetu kwa muda mrefu haikutoa kitambulisho cha taifa, karte ya uchaguzi njo inatumika kama kitambulisho: kwenye barieri, kwenye benki, kwenye kununua kadi ya simu. Mama anayetoka Baraka kwenda Uvira na karatasi ya HCR peke yake anajua bei ya kutokuwa nayo.

Kwa kufuata katiba, muhula ni wa miaka mitano, na uchaguzi unaokuja ni wa 2028. Tukifuata mwendo wa zamani, daftari litafunguliwa mwaka mmoja au zaidi mbele yake. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa memba: kila kamati ya kijiji ianze sasa liste ya watu wazima waliorudi wasio na karte, pamoja na vijana waliozaliwa kambini watakaotimiza miaka 18. Wenye kukosa cheti cha kuzaliwa watafutiwe mapema, juu ofisini hakuna haraka.

Kwa wafadhili: nauli ya kufika kituo cha uandikishaji, na pesa ya kufuatilia vyeti, si kazi ya siasa. Hatumwambii mtu amchague nani. Tunamsaidia ahesabiwe, na hiyo ni sehemu ya kurudi, sawa na bati la nyumba na jembe.

Kwa wote: mgombea akija na tisheti, mpokee kwa heshima, kisha muulize mbele ya watu: mwaka wa kuandikisha ulikuwa wapi? Na juu ya mashamba ya waliorudi unasema nini? Jibu lake liandikwe ndani ya daftari la kamati, na tarehe yake. Miaka mitano ni mirefu, na kinywa kinasahau.

Timu ya kazi za vijijini