Sheria za Udongo: Kutoka Matuta ya Mkoloni Hadi Mita 60 za Mtoni



Masika yakipiga huko juu mlimani, sisi wa Kahe tunajua hata kabla mawingu hayajatufikia. Maji ya mfereji yanakuja na rangi ya chai ya maziwa. Lile tope ni shamba la mtu wa juu. Likifika huku linaziba mfereji, linafunika miche ya nyanya, na gari lililofuata vitunguu linakwama njiani. Ndipo naulizwa: "Bwana shamba, kwani sheria haipo?"

Ipo, na ni ya siku nyingi. Tuangalie ilikotoka.

Mwaka 1926 serikali ya Waingereza ilitunga sheria iliyowapa machifu mamlaka ya kutoa amri kwa watu wao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, amri hizo zilitumika kulazimisha hifadhi ya udongo. Kule Usambara, kuanzia Mlalo mwaka 1946, wakulima waliamriwa kuchimba matuta, na asiyechimba aliadhibiwa. Uluguru nako watu walilazimishwa kuchonga matuta ya ngazi milimani.

Shida ilikuwa nini? Udongo wa juu Uluguru ni mwembamba. Ukichonga ngazi pale, unaleta juu udongo usio na rutuba na kuufukia ule mzuri. Mtu anafanya kazi ngumu, kisha mavuno yanapungua. Julai 1955 wananchi waligoma, vurugu zikatokea, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Wa Usambara nao ulikufa kabla ya Uhuru.

Watu wale hawakuuchukia udongo wao. Wachagga walikuwa na kihamba chenye migomba, kahawa na miti ya kivuli, ardhi imefunikwa mwaka mzima, bila kuamriwa na mtu. Machakos, Kenya, walichimbishwa matuta kwa lazima wakati wa ukoloni. Baadaye walichimba fanya juu kwa hiari, kwa sababu waliona maji yanabaki shambani na mazao yanauzika.

Baada ya Uhuru tulijaribu tena. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye vilima vya Kondoa vilivyomomonyoka. Majani yalirudi, lakini gharama waliibeba wafugaji.

Leo tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au kwenye bwawa. Miradi mikubwa inatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inalinda vyanzo vya maji, na inatambua jumuiya za watumia maji.

Sasa tuseme ukweli. Wapo majirani zetu ambao bustani yao yote iko ndani ya mita hizo 60. Tukimwambia mtu aondoke bila kukaa naye kutafuta pa kulima, tutakuwa tumerudia ya 1955. Tukinyamaza, ukingo utaanguka na mfereji wa wote utaziba.

Ushauri wangu ni huu:

1. Pima mwenyewe. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima kutoka ukingoni. Usisubiri kupimiwa na mgambo.

2. Shamba lenye mteremko, panda mistari ya mabingobingo au guatemala ikikatiza mteremko. Inazuia udongo, na majani yake ni chakula cha ng'ombe, unaweza kuyauza.

3. Hoja ipelekwe mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Iandikwe humo pia mwenye bustani ya mtoni atasaidiwaje.

4. Jiunge na jumuiya ya watumia maji. Hapo ndipo wa Kahe anakaa meza moja na wa juu, kabla tope halijashuka.

Sheria iliyotungwa na wenye mfereji, wenye mfereji wataisimamia. Tukutane shambani.