Chuma cha kuzuia difu kujipinda

Pikapu zinazobeba mizigo kutoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, huweza kutetema nyuma zinapoondoka. Nguvu ya injini huipindua difu, springi zikajikunja, matairi yakarukaruka na kuiumiza propela shafti.

Tatizo hilo huzuiwa kwa chuma kinachounganisha difu na chasisi. Hata hivyo, kabla ya kumpa kazi fundi wa Gerezani, mwenye gari anapaswa kukagua springi zilizovunjika na boliti zilizolegea.

Upande wa chasisi, chuma hicho kifungwe kwa kiungo kinachocheza. Kikichomelewa pande zote mbili, springi hubanwa na chasisi huweza kupasuka. Aidha, chuma hicho hakiiongezei pikapu uwezo wa kubeba mzigo.