Damu ya Ndege, Dawa ya Mtu

Wenzangu wa kalamu, historia ya Usukuma tuliyokaririshwa shuleni ilikuwa na vitu vitatu: pamba, almasi ya Mwadui na dhahabu ya Geita. Ndege hawamo. Kuku ndiyo kabisa, ukimtaja darasani utachekwa. Mimi nadai hivi: kila aliyewahi kumeza klorokwini, akajikuna usiku kucha, ana deni kwa shomoro na kwa kifaranga. Hebu nieleze.

Kwa bibi yangu, upande wa Shinyanga, kuku ndiyo benki. Daftari, sare ya shule, nauli ya kwenda Kahama, vyote vinatoka bandani. Kuku wakifa kwa mpigo kijiji kizima husema "kideri", yaani mdondo, na mara nyingi ni mdondo kweli. Lakini wapo wanaoondoka taratibu. Upanga unapauka, kuku anajikunyata kivulini, anakataa punje, siku chache basi. Naye huzikwa kwa jina lilelile la kideri. Dalili hizo zina magonjwa mengi nyuma yake, na mojawapo ni vijidudu vinavyoishi ndani ya damu, ndugu wa malaria yetu.

Ukoo huo una matawi matatu makubwa. Plasmodia ya ndege huletwa na mbu, hasa wale wa kyuleksi wanaotuimbia masikioni usiku. Hemoprotea huletwa na nzi bapa wanaojificha kwenye manyoya ya njiwa, au na visubi vidogo mno. Lukositozoa huletwa na usubi anayezaliwa kwenye maji yanayotiririka. Mwaka 1973 watafiti Fallis, Jacobson na Raybould walichapisha uchunguzi wao wa vijidudu vya damu vya kuku na kanga wa Tanzania, na jinsi lukositozoa inavyoambukizwa. Kwa hiyo si hadithi ya ng'ambo. Na mlaji wa chipsi kuku asiogope: malaria ya ndege haimshiki mtu.

Sasa turudi nyuma. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Alphonse Laveran, aliona kijidudu cha malaria katika damu ya askari huko Algeria. Miaka michache baadaye Mrusi Vasily Danilewsky akaona vinavyofanana navyo katika damu ya ndege. Lakini vinaingiaje mwilini? Hewa mbaya? Maji? Jibu lilitoka India. Mwaka 1897 Ronald Ross alimwona mdudu huyo tumboni mwa mbu aliyekuwa amenyonya damu ya mgonjwa aitwaye Husein Khan. Kisha akahamishiwa Calcutta, na huko kupata wagonjwa wa kuchunguza kukawa kazi ngumu. Akageukia ndege. Julai 1898 akakamilisha safari yote: kutoka damu ya ndege hadi tumbo la mbu, kutoka tumbo hadi tezi za mate, na kutoka mate hadi damu ya shomoro mzima. Mwaka huohuo Waitalia, akiwemo Giovanni Battista Grassi, wakathibitisha kwamba kwa binadamu mbebaji ni mbu wa anofelesi. Mwaka 1902 Ross akapewa Tuzo ya Nobel. Msaidizi wake, Muhammad Bux, ambaye alikuwa akimkamatia mbu, hakupewa kitu.

Ndege hawakuachwa wapumzike. Katika miaka ya 1920 Wajerumani walijaribu dawa mpya juu ya chiriku wa vizimbani walioambukizwa malaria yao, ndipo ikapatikana plasmokwini. Klorokwini nayo ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1934, na dawa za kundi lake zilipimwa kwanza kwa ndege. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Waingereza walitumia vifaranga wenye malaria ya kuku kutafutia paludrini. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001, baada ya vijidudu kuizoea. Ilikuwa imeshatuvusha wengi.

Na Shinyanga? Hapo ndipo historia inapokaa kando ya ndege bila kumtazama. Mwaka 1919 Waingereza walimteua Charles Swynnerton kuwa msimamizi wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika. Bwana yule alikuwa mpenda ndege hasa. Lakini Shinyanga alikuja kwa ajili ya mbung'o na vijidudu vingine vya damu, vile vya nagana ya ng'ombe na malale ya watu. Malale yalikuwa yamezuka Maswa mwaka 1922. Wasukuma kwa maelfu, wakiitwa na watemi wao, walifyeka vichaka ili mbung'o akose kivuli. Mwaka 1929 Swynnerton akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yakiwa Shinyanga. Alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege, ndege ya chuma. Jina lake limebaki kwa ndege mdogo wa msituni, Swynnertonia, anayeishi hata Udzungwa. Walioshika mapanga na mashoka wamebaki "maelfu". Miti ilikwisha, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI kuirudisha kwa njia ya ngitili, ujuzi wa Wasukuma wenyewe.

Geita ni kinyume chake. Kule ardhi inatobolewa. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000, na kando yake wachimbaji wadogo wanaacha mashimo. Mvua ikinyesha, shimo ni bwawa, na bwawa ni wodi ya wazazi ya mbu. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2017, Geita ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa malaria ya watoto. Kuku wanaokwenda machimboni wakiwa wamebanana kwenye matenga juu ya basi nao wanafikia kwenye mbu haohao wa usiku.

Nani anajali? Tazameni Hawaii. Mbu waliingizwa na meli mwaka 1826, malaria ya ndege ikafuata baadaye, na ndege wa asili wakateketea. Waliosalia wengi wamejibanza juu milimani kwenye baridi. Ndege wetu wameishi na vijidudu hivi tangu enzi, wengi huvibeba bila kuonekana wagonjwa. Lakini uvumilivu huo una mpaka, na kuku wa kisasa anayeletwa leo hana mazoea hayo.

Tone moja la damu kwenye kioo, rangi kidogo, hadubini: ndivyo alivyofanya Ross. Zahanati nyingi zimekuwa zikifanya hivyohivyo kwa mtoto mwenye homa. Kwa kuku wa bibi hakuna anayefanya, kwa hiyo kideri kinapewa vifo vyote, pamoja na visivyo vyake, na bibi anachanja dhidi ya ugonjwa mmoja huku mwingine ukimla. Wenzangu, tukienda likizo tuwaulize wazee mambo mawili, na tuyaandike kwa wino: kuku walikufaje, na nani alifyeka kile kichaka.